Sura ya Sita: Nikizidiwa Usiku, Nani Atanipeleka Hospitali?

Kila mwaka kuanzia Agosti, masanduku yanapopimwa uzito sebuleni na unga wa dona unapofungwa mara tatu usije ukamwagikia nguo, wanafunzi wanaokwenda kusoma Uingereza hunijia na maswali. Wanauliza kuhusu baridi, kuhusu chakula, kuhusu kazi za muda. Swali zito huja mwisho, kwa sauti ya chini, mama akiwa bado jikoni: "Nikizidiwa usiku huko, nani atanipeleka hospitali?"

Jibu lake fupi ni hili: utajipeleka mwenyewe, kwa kuomba msaada mapema na kwa kugonga mlango unaofaa. Msaada upo, na sehemu kubwa umeshaulipia kabla hujapanda ndege. Ila hautakufuata chumbani kama hujauita. Sura hii inaeleza jinsi ya kuuita.

Kujikaza kwa nyumbani na kujikaza kwa ugenini

Ukiumwa Tandika au Kisauni, huwezi kujificha. Wa chumba cha pili anakusikia ukikohoa. Mama mwenye nyumba anaona saa nne imefika na hujatoka hata kunawa uso. Jirani analeta uji. Hali ikizidi, mmoja anampigia dereva wa bajaji anayemjua kwa jina, mwingine anatangulia hospitali kufungua faili, mwingine anachangisha pesa za vipimo. Kazi yako wewe mgonjwa ni kujikaza tu mpaka wenzako waseme, "Hapana, huyu apelekwe."

Kujikaza huko hakuna ubaya, maana kuna macho yanayokuangalia. Ugenini macho hayo hayapo. Mlango wa chumba cha bweni la Uingereza ni mzito na hujifunga wenyewe. Wenzako mnaotumia jiko moja hawatagonga, kwa kuwa kwao kumwacha mtu na faragha yake ni heshima. Siku mbili zinaweza kupita bila mtu kukuuliza.

Nalisema hili kwa kuwa lilinipata. Mwaka wangu wa kwanza, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, nilirudi Januari kutoka likizo ya Krismasi nyumbani Tanga. Wiki ya pili nikaanza kutetemeka. Nikajiambia ni baridi tu. Nikavaa sweta mbili, nikameza panadoli, nikalala. Aliyeniokoa alikuwa kijana wa Kikenya, mwenyeji wa Voi, tuliyetumia naye jiko. Aliona sufuria yangu ya ugali imelala kwenye sinki na maji yake yaleyale siku ya pili. Akanigongea. "Ndugu yangu," aliniambia mlango ulipofunguka, "wewe si mtu wa kuacha sufuria." Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akatoa simu, akapiga 111. Usiku ule ule damu yangu ilipimwa hospitali. Ilikuwa malaria.

Nilikuwa na bima, nilikuwa na simu, na hospitali ilikuwa karibu. Nilichokosa ni uamuzi wa kusema kwamba naumwa.

Umekwisha kulipa, usiogope dirisha la malipo

Kinachowafanya wengi wajikaze ni hofu ya pesa. Tumezoea kwamba bila pesa ya kufungulia faili, au bila kadi ya bima, safari inaishia dirishani. Kwa hiyo tuanze na pesa.

Uingereza ina mfumo wa afya wa umma unaojulikana kwa herufi NHS, yaani Huduma ya Taifa ya Afya. Ulianza tarehe 5 Julai 1948, na msingi wake ni kwamba mgonjwa hatibiwi kwa kuangaliwa mfuko wake. Mwanafunzi wa kigeni anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 hutozwa ada ya afya ya uhamiaji pamoja na ada ya viza. Tangu Februari 2024 ada hiyo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na kipande cha mwaka kisichozidi miezi 6 hulipiwa nusu. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, ambaye viza yake hufikia kama miezi 16, hulipa pauni 1,164 kwa mkupuo.

Ni pesa nyingi, na familia nyingi huuza kitu kuzipata. Ndiyo maana inasikitisha kumwona mtoto wa familia hiyo akiugulia chumbani kwa kuogopa bili. Ukishalipa ada hiyo na viza ikatoka, unatibiwa karibu sawa na mkaazi wa nchi ile: kumwona daktari, kulazwa, kufanyiwa upasuaji na kubebwa na gari la wagonjwa, bila kudaiwa.

Yapo mambo machache ambayo bado utalipia:

- Dawa za cheti. England kila aina ya dawa uliyoandikiwa hulipiwa pauni 9.90, iwe ya bei ndogo au kubwa. Wales, Uskoti na Ireland ya Kaskazini dawa hizo ni bure.
- Meno na miwani. Huduma hizi huwa na malipo yake. Jino linalokusumbua liangaliwe kabla hujaondoka nyumbani.
- Ukiwa na kipato kidogo, unaweza kujaza fomu inayoitwa HC1 kuomba usaidiwe gharama hizo. Wengi hawaijui, hivyo hawaiombi.

Anayekwenda kwa kozi isiyofikisha miezi 6 hatozwi ada hiyo, na kwa sababu hiyo hana haki zote hizo. Huyo akate bima ya safari kabla ya kuondoka.

Milango minne, kila mmoja na kazi yake

Nyumbani ukisema "naenda hospitali" umemaliza. Kule hospitali kubwa ni mlango wa mwisho. Ipo milango minne.

*Mlango wa kwanza: famasia.* Kwa mafua, koo, tumbo la kawaida au ukurutu, nenda duka la dawa ukaongee na mfamasia. Amesoma miaka mingi na hakutozi kwa ushauri. Tangu Januari 2024 wafamasia wa England wanaruhusiwa kutoa dawa za cheti kwa magonjwa saba ya kawaida bila wewe kupita kwa daktari, yakiwemo maumivu ya koo, mkanda wa jeshi na maambukizi madogo ya njia ya mkojo kwa wanawake. Lakini usitegemee kununua antibayotiki kwa kutaja jina lake tu kaunta, kama tulivyozoea baadhi yetu. Haiuzwi hivyo.

*Mlango wa pili: GP.* Hawa ni madaktari wa kawaida wa mtaani ambao unajiandikisha kwao, na faili lako linakaa kwao. Kidonda kisichopona, presha, pumu, uzazi wa mpango, kukosa usingizi, barua ya kwenda kwa bingwa: yote huanzia hapa. Zahanati nyingi hufungua simu saa mbili asubuhi na nafasi za siku hiyo huisha haraka, kwa hiyo piga mapema. Karani wa mapokezi akikuuliza unasumbuliwa na nini, usione anakuchimba. Anataka kujua akupeleke kwa nani. Na muda wa kuonana na daktari mara nyingi ni kama dakika 10, hivyo anza na lile lililo zito. Usilitoe ukiwa umeshika kitasa cha mlango.

*Mlango wa tatu: 111.* Hii ni namba ya simu ya bure, inapatikana saa 24 England, Wales na Uskoti. Ni ya pale ambapo unaumwa, hujui uzito wake, na zahanati imefungwa. Watakuuliza maswali, kisha watakuambia ubaki nyumbani, uende famasia, uonwe na daktari usiku huo, au watakutumia gari. Ukiwa hujui pa kuanzia, anzia hapa.

*Mlango wa nne: 999 na idara ya dharura.* Namba 999 ilianza London mwaka 1937 na leo inatumika nchi nzima. Ukipiga 112 utafika palepale. Piga bila kusita kwa mtu anayeshindwa kupumua, aliyepoteza fahamu, mwenye maumivu makali ya kifua, anayevuja damu isiyokatika, aliyepatwa na degedege kwa mara ya kwanza, aliyemeza dawa nyingi au sumu, au ambaye ghafla uso umepinda na mkono umelegea. Idara ya dharura huandikwa A&E kwenye vibao. Foleni yake haifuati aliyetangulia bali aliyezidiwa. Anayekuja nyuma yako anaweza kuingia kabla yako. Usikate tamaa ukaondoka. Ukiona hali inabadilika wakati unasubiri, simama uende kumwambia muuguzi.

Wiki ya kwanza, kabla hujaumwa

Wiki ya kwanza chuoni hujaa sherehe na foleni za vitambulisho. Tenga saa moja tu kwa haya:

1. Jiandikishe kwa GP. Unaweza kufanya hivyo kwa mtandao au kwa fomu ya mapokezi. England hulazimiki kuonesha pasipoti, viza wala uthibitisho wa anwani ili uandikishwe. Ukikataliwa kwa sababu hiyo, uliza kwa upole na usisitize. Ukihama mtaa, jiandikishe upya.
2. Toa jina la mtu wa karibu. Chuo kitakuuliza nani apigiwe likitokea jambo. Wengi huandika namba ya baba na kuishia hapo. Andika pia mtu aliye ndani ya Uingereza, anayeweza kufika.
3. Andika namba ya walinzi wa chuo kwenye simu. Ukishapiga 999, wapigie na walinzi. Wao ndio watakaofungua geti na kuwaongoza wahudumu hadi mlangoni kwako.
4. Uliza kuhusu chanjo ya MenACWY. Inakinga aina nne za vijidudu vinavyoleta homa ya uti wa mgongo. Mwanafunzi mpya ambaye hajafikisha miaka 25 anaipata bure kwa GP.
5. Peleka historia yako. Mwenye selimundu, pumu, kifafa, sukari au presha abebe barua ya daktari wake kwa Kiingereza, pamoja na dawa za kumvusha mpaka aonwe. Mwenye selimundu asingoje Desemba, kwa maana baridi huamsha maumivu.
6. Nunua kipimajoto. Kina thamani kuliko sweta ya tatu.

Unapopiga 999

Watu huogopa simu hii kwa sababu ya lugha. Tuipitie pamoja.

Sauti ya kwanza itauliza unataka nani: polisi, zimamoto au gari la wagonjwa. Taja kimoja. Utaunganishwa. Sauti ya pili itauliza kama mgonjwa anapumua na kama yuko macho, kisha mko wapi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Sisi tumezoea kuelekeza kwa alama: nyuma ya msikiti, ukipita duka la Mangi, nyumba yenye geti la bluu. Kule anwani ni msimbo wa posta, yaani herufi na tarakimu chache zinazotaja kipande kidogo cha mtaa. Uandike kwenye karatasi, ubandike ndani ya mlango wako pamoja na jina la jengo, ghorofa na namba ya chumba. Mkono ukitetemeka, utasoma tu.

Maswali yataendelea. Usidhani wanakuchelewesha. Mara nyingi gari limeshaanza safari wakati bado unaongea. Usikate simu mpaka uambiwe. Kama Kiingereza kimekukimbia, taja lugha yako uombe mkalimani. Huduma hiyo hailipiwi.

Kuna hatari nyingine, pale ambapo huwezi kusema kwa kuwa aliye karibu nawe ndiye anayekudhuru. Ukipiga 999 kwa simu ya mkononi na huwezi kutoa sauti, bonyeza 55 ukiombwa kufanya hivyo. Utaunganishwa na polisi. Kumbuka kwamba 55 haiwaoneshi moja kwa moja mahali ulipo, kwa hiyo kaa kwenye simu usikilize, ujibu kwa kugonga au kukohoa.

Maneno yanayopotea njiani

Hata anayejua Kiingereza cha darasani hugundua kwamba maumivu yake yanazungumza Kiswahili. Tafsiri ya neno kwa neno inaweza kumpoteza daktari.

Chukua neno *presha*. Ukimwambia muuguzi una presha kwa Kiingereza cha moja kwa moja, ataelewa kwamba masomo yamekuelemea. Ukisema una *sukari*, atashangaa. *Kichomi* kwetu ni maumivu ya kuchoma ubavuni, na ni nimonia pia. *Moyo unaniuma* kunaweza kuwa majonzi, na kunaweza kuwa jambo la kuitia gari. *Homa* kwa Mkenya wa Nairobi mara nyingi ni mafua, na kwa Mtanzania ni mwili kuwaka moto. Kwa hiyo jifunze jina la ugonjwa wako kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya kliniki, na kwa lile lisilo na jina, onesha kwa kidole panapouma na taja joto kwa namba. Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, hiyo inaeleweka kwa lugha zote.

Kuna na saa. Ukiulizwa maumivu yalianza lini na kichwani mwako ni saa nne usiku, ulimi uliochoka unaweza kutamka nne kwa Kiingereza, na daktari akaandika saa ambayo sisi tungeiita saa kumi. Tofauti hiyo ya saa sita si ndogo kwa mtu aliyemeza vidonge vingi au aliyepooza mkono, kwani matibabu hupangwa kwa kuhesabu saa. Tazama simu yako uisome kama ilivyo.

Lililo gumu zaidi ni salamu. Tumelelewa kujibu "nzuri" kwanza, kisha ndipo tuseme "ila". *Habari za leo? Nzuri, ila kichwa kinanisumbua kidogo.* Kwetu msikilizaji anajua kwamba habari yenyewe iko baada ya "ila". Daktari wa kule akikuuliza hali yako nawe ukajibu nzuri, anaweza kuamini. Ukiulizwa maumivu ni mangapi kutoka 1 hadi 10, usitaje 4 kwa adabu wakati umeshindwa kulala. Mbele ya daktari, anza na "ila".

Homa mbili zisizosubiri asubuhi

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna homa mbili ambazo sitaki uzilalie.

*Malaria baada ya likizo.* Aliyekulia kwenye malaria mwili wake hujenga kinga ya kiasi, lakini kinga hiyo hupungua akikaa mbali na mbu. Ukirudi kwa likizo baada ya mwaka mmoja ughaibuni, wewe si yule uliyeondoka. Meza dawa za kinga, lala ndani ya chandarua hata kama ni chumba chako cha utotoni. Wengi wanaopatwa na malaria Uingereza ni watu waliotoka kutembelea ndugu zao. Ukipata homa baada ya kurudi, na hasa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, usimwambie daktari "nina homa" tu. Sema: "Nimetoka Tanzania wiki mbili zilizopita, kuna malaria, naomba nipimwe leo." Sentensi hiyo ina uzito kwa sababu daktari wa kule anaweza kukaa miezi bila kuona malaria, na mtu aliyeonekana ana mafua anaweza kugeuka mahututi ndani ya saa chache. Ikiwa umerudi ndani ya mwaka mmoja, litaje hata hivyo.

*Homa ya uti wa mgongo.* Vijana kutoka kila kona wanapokusanyika kwenye mabweni, vijidudu vyake hupata njia. Dalili ni homa, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kuchukia mwanga, kutapika, mikono na miguu kuwa ya baridi, na kuchanganyikiwa. Mtu huweza kudhaniwa amelewa. Watu huambiwa waangalie vipele: ukivigandamiza kwa pembeni ya glasi ya kioo na visififie, ni dharura. Ila kwa ngozi yetu nyeusi vipele hivyo havionekani kirahisi. Tazama viganja, nyayo, ndani ya kope na paa la mdomo. Na vipele visipokuwepo usitulie, kwa kuwa huja vimechelewa au visije kabisa. Mwenzako akiwa na dalili hizo, piga 999 na usimwache alale peke yake.

Moyo ukilemewa

Kuna ugonjwa usiopimwa kwa kipimajoto. Novemba jua la Uingereza huzama kabla ya saa kumi na moja jioni kwa saa zetu. Mwanafunzi hatoki, hapiki, anakosa usingizi, na nyumbani akipigiwa simu anasema "niko poa". Anaogopa kusema, kwa kuwa kijiji kizima kilichangia nauli yake. Hali hiyo ikidumu wiki mbili na kukuondolea hamu ya mambo uliyoyapenda, inaweza kuwa sonona. Sonona ni ugonjwa, unatibika, na haiji kwa sababu imani yako ni haba.

Mwambie GP. Vyuo vingi vina washauri nasaha, na huduma yao ni bure. England na Wales, ukipiga 111 na kuchagua 2, utaongea na wahudumu wa afya ya akili saa yoyote. Shirika la Samaritans husikiliza usiku na mchana kwa namba 116 123, bila malipo. Ukifikiria kujidhuru, hiyo ni dharura kama kuvuja damu: piga 999 au nenda idara ya dharura.

Wengi huuliza kama chuo, ubalozi au baba wataambiwa. Aliyefikisha miaka 18, siri yake ni yake. Daktari hamwambii mzazi wala mwalimu bila ridhaa yako, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yako hatarini. Hata hivyo, ugonjwa ukikuharibia mitihani, waambie chuo mwenyewe kabla ya tarehe ya mtihani, na uombe karatasi ya daktari. Vyuo vina utaratibu wa kumzingatia mgonjwa, lakini huanza pale unaposema.

Ukienda nchi nyingine

Si wote wanaokwenda Uingereza. China gari la wagonjwa huitwa kwa 120, Marekani dharura zote ni 911, na nchi za Umoja wa Ulaya, Uturuki na India hutumia 112. Marekani hata gari la wagonjwa linaweza kuleta bili, hivyo soma bima ya chuo chako mstari kwa mstari. Popote uendako, usiondoke nyumbani bila majibu ya maswali matatu: nikizidiwa napiga namba gani, nisipozidiwa naanzia kwa nani, na nani analipa?

Kwa mzazi anayebaki

Mama, baba, simu yenu ya Jumapili ni dawa, ila isiwe mtihani wa ujasiri. Mtoto akisema anaumwa, swali la kwanza lisiwe "na masomo je?" Muulizeni: umempigia nani huko? Mwambieni tangu uwanja wa ndege kwamba kuomba msaada hakuwaaibishi. Na muwe na vitu vitatu kwenye daftari: anwani yake kamili pamoja na msimbo wa posta, namba ya chuo ya dharura, na namba ya rafiki mmoja anayeishi karibu naye. Ukipiga 999 kutoka Tabora, simu haitafika Manchester. Rafiki huyo atafika.

Kwa ufupi

- Jiandikishe kwa GP wiki ya kwanza, ukiwa mzima.
- Famasia kwa madogo, GP kwa ya kawaida, 111 ukiwa na shaka, 999 maisha yakiwa hatarini.
- Msimbo wa posta ubandikwe mlangoni.
- Homa baada ya likizo: taja malaria na uombe kupimwa siku hiyo.
- Mbele ya daktari, usianze na "nzuri".
- Huzuni isiyoondoka ni ugonjwa, nayo ina mlango wake.

Limebaki moja ambalo halimo kwenye fomu yoyote. Kabla mwezi wa kwanza haujaisha, tafuta mtu mmoja wa kupika naye jikoni. Si lazima awe wa kwenu wala wa dini yako. Mkubaliane kwamba mmoja asipoonekana tangu asubuhi hadi jioni, mwingine atagonga. Mjulishane mnavyoishi: nani huamka mapema, nani hawezi kulala bila chai, nani haachi sufuria kwenye sinki. Kisha siku utakayosikia mlango wako ukigongwa, fungua, na useme kweli.